Chumba Kiko Sawa, Pamba Bado

Pamba imelala kwenye trei. Trei zina vitako vya wavu ili hewa ipite juu na chini, zimepangwa kwenye rafu kama mikate iliyotolewa jikoni ikaachwa ipoe, na kila moja ina kikaratasi chenye namba. Hakuna anayezigusa. Mashine ya kupimia iko kimya pembeni, imefunikwa. Mgeni aliyeletwa kuona maabara hutupa macho huku na huku akitafuta kazi inayofanyika, asiione, akadhani amewakuta watu wameenda kunywa chai. Kumbe kazi ndiyo hiyo anayoitazama: pamba inazoea chumba.

Niliwahi kushinda siku nzima katika chumba cha namna hii jijini Dar es Salaam. Nje jua la Novemba lilikuwa linalainisha lami. Ndani, mama msimamizi wa chumba alikuwa amevaa sweta. Nilikwenda kwa ajili ya mashine. Tangu siku hiyo, nikiulizwa nilichokiona, huanza kuzungumzia kuta, milango na hewa, na watu hunitazama kwa huruma.

Ili mtu aelewe kwa nini chumba kinatunzwa kama mtoto mchanga, lazima aijue tabia ya pamba. Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja tu, iliyoota kwenye ganda la mbegu. Mbegu moja hubeba nyuzi zaidi ya elfu kumi, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 25 hadi 30 kwa pamba ya kawaida, na upana wa takriban sehemu ya hamsini ya milimita. Seli hiyo ikikauka hubonyea na kujisokota kama utepe. Na ina kiu. Hewa ikiwa na maji, pamba inakunywa. Hewa ikikauka, inayatema. Haipumziki.

Wakulima wa pamba wa Bariadi, Maswa na Meatu, mkoani Simiyu, hawahitaji kufundishwa hilo. Kila msimu hupatikana wachache wanaoimwagia pamba maji usiku, kesho yake waipeleke kwenye ghala la ushirika ili mizani ishibe, na kila msimu viongozi hukemea. Mizani inaona uzito, haioni kiu. Lakini maji yakiingia kwenye unyuzi hayaongezi uzito peke yake. Sufu na rayoni zikilowa hulegea. Pamba huongezeka nguvu. Ndiyo maana shuka la pamba huvumilia kupigwa jiweni mtoni miaka kumi. Pamba kavu, kwa upande wake, hukatika ovyo, na nyuzi zikikatika wakati wa kupimwa, hata urefu unaosomwa hupungua.

Hapo ndipo chumba kinapoingia kwenye biashara. Mashine ya kisasa, wanayoiita HVI, hukamata kishungi cha nyuzi kwa taya mbili zilizoachana milimita tatu na kidogo, ikakivuta hadi kikatike na kuandika nguvu iliyotumika. Hupuliza hewa ndani ya donge la pamba la gramu kumi hivi, na kwa jinsi hewa inavyopita hukadiria wembamba na ukomavu wa nyuzi, kipimo kiitwacho maikroneya. Hupima urefu, weupe, umanjano. Mnunuzi aliyeko Bangladesh au Vietnam hataiona pamba ya Simiyu kabla hajaagiza. Ataziona namba hizo. Chukua sampuli mbili kutoka robota moja, ipime moja katika chumba kikavu na nyingine katika chumba chenye unyevu, utaandika pamba mbili, zenye bei mbili. Mashine haikukosea popote. Imepima kwa uaminifu maji usiyoyataka.

Kwa hiyo dunia ya pamba imekubaliana juu ya hewa moja, au karibu moja. Kiwango cha Kimarekani kinachofuatwa na maabara nyingi za pamba kinataka nyuzi joto 21, kupungua au kuzidi moja, na unyevu wa asilimia 65, kupungua au kuzidi mbili. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, katika kiwango chake namba 139 cha nguo, linataka 20 na 65. (Kiswahili kimetupa neno moja, nyuzi, kwa pamba na kwa joto. Katika chumba hiki mchezo huo wa maneno si wa bure: nyuzi moja ikipanda, nyuzi zote zinabadilika.) Toleo la zamani la kiwango hicho cha ISO liliwaruhusu watu wa nchi za joto watumie 27 badala ya 20, na India imeendelea kuizoea 27 katika upimaji wa nguo. Nami nikiangalia bili ya umeme ya chumba cha Dar es Salaam, najiuliza kwa nini sisi tulipie baridi ya Manchester. Jibu la wenyewe ni fupi: namba ya nguvu isiyosomwa katika hewa wanayoijua wanunuzi haina soko. Sina la kujibu, ila bili haijapungua.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana ndani ya hesabu ndimo ufundi ulimojificha.

Chukua chumba chenye ujazo wa mita 100, ukubwa wa darasa dogo. Katika nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 65, kila mita ya ujazo ya hewa imebeba takriban gramu 12 za maji. Hewa ya chumba kizima, basi, ina maji ya kilo moja na gramu 200 hivi. Yangeingia yote kwenye chupa ya lita moja na nusu na nafasi ikabaki. Ile ruhusa ya kuzidi asilimia mbili ni sawa na gramu 37, yaani vijiko viwili na nusu vya chakula. Mtu aliyekaa kimya, kwa pumzi na ngozi yake, hutoa takriban gramu 50 za maji kwa saa. Kwa hiyo mgeni mmoja tu, aliyeketi kwa adabu bila kugusa kitu, angeweza kukitoa chumba kwenye kiwango kabla saa haijaisha kama mitambo ingekuwa imelala. Wale viongozi wanaokuja watu kumi na tano pamoja na mpiga picha ni mvua ya masika.

Halafu kuna joto. Hewa ile ile, maji yale yale, joto likipanda kutoka 21 hadi 22, unyevu unashuka kutoka asilimia 65 hadi 61. Angalia mtego ulivyotegwa: kanuni inakuruhusu kuzidisha nyuzi joto moja, lakini ukiitumia ruhusa hiyo bila kugusa maji, umeshavunja kanuni ya unyevu. Msimamizi anayejua kazi haichezei ile moja yote. Huishi ndani ya sehemu ndogo ya nyuzi joto, na ukimuuliza kwa nini anahangaika wakati kanuni imempa nafasi, hukuonyesha hesabu hii.

Nje ya mlango kuna Dar es Salaam. Siku ya nyuzi joto 31 na unyevu wa asilimia 75, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban gramu 24 za maji, mara mbili ya ile ya ndani. Mlango ukifunguliwa, hiyo ndiyo inayotaka kuingia. Kiyoyozi cha kawaida, kile cha ofisini, kinafuata joto tu na kuacha unyevu uende unakotaka, tena huwaka na kuzima, na kila kinapowaka na kuzima chumba kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayekoroma. Mtambo wa maabara hufanya kazi kwa njia ambayo mara ya kwanza inaonekana ya kipuuzi. Hewa hupozwa hadi nyuzi joto 14 hivi, kwa sababu hapo ndipo maji ya ziada yanapolazimika kudondoka, kama jasho kwenye glasi ya maji ya baridi. Kisha hewa hiyo iliyogharimu umeme kupozwa hupashwa moto tena hadi 21, na ikiwa imekauka kupita kiasi huongezwa mvuke. Mgeni hushangaa kukuta hita ndani ya Dar es Salaam. Kupoza na kupasha kwa wakati mmoja, mchana na usiku, Jumapili na Idi. Ukizunguka nyuma ya jengo utaona bomba jembamba linadondosha maji bila kukoma. Ndiyo bahari iliyozuiwa isiingie ndani.

Chumba chenyewe kimejengwa kwa ukaidi. Hakina dirisha, kwa sababu dirisha ni jua. Kuta zimezibwa kwa rangi isiyopitisha mvuke, maana zege linapumua, na unyevu wa ukuta ulionyeshewa mwezi wa Aprili hutoka taratibu hadi Juni. Milango ni miwili, na kati yake kuna kijichumba cha kusubiri. Hewa ya ndani husukumwa kidogo kupita ile ya nje, ili mlango ukifunguka upepo utoke badala ya kuingia. Na kona zote zimepimwa, moja moja: penye taa kuna joto, chini ya tundu la hewa kuna baridi, nyuma ya mashine kuna joto la mashine yenyewe. Namba inayoonyeshwa kwenye skrini ukutani ni ya pale ukutani. Pamba haikai ukutani. Yule mama aliweka kipimo chake kingine katikati ya trei, kimo cha pamba, na hicho ndicho alichokiamini.

Lakini kipimo nacho nani anakipima? Hapa nilipendezwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye kabati na lilionekana kama uji.

Ukiweka chumvi safi kwenye chombo, ukaongeza maji kidogo, chumvi nyingi ibaki haijayeyuka, kisha ukakifunika vizuri, hewa iliyo juu ya uji huo itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Haitakuwa 70, haitakuwa 80. Joto likiwa 20 au 30, tofauti ni ndogo mno. Kloridi ya magnesi hutulia kwenye 33. Ingiza kipimo chako ndani ya kopo la kwanza, subiri. Ndani ya la pili, subiri tena. Kikisema kweli kwenye yote mawili, unaweza kukisikiliza kwenye 65. Kipimo hupelekwa pia kwenye maabara ya ugezi kwa ratiba, kikarudi na cheti chake, lakini kati ya cheti na cheti kuna miezi, na miezi hiyo inalindwa na makopo. Chumvi iwe ya maabara, mama alinionya, ile ya sokoni imetiwa madini joto.

Na kuna utambi. Vipimajoto viwili pamoja, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa chembamba kilicholowa. Upepo ukikipita, maji yanakauka na kukipoza, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo kinavyoshuka. Chumba kikiwa sawasawa, kikavu husoma 21 na chenye utambi husoma 16.7. Kifaa hicho hakina umeme wala skrini, na hakidanganyi, isipokuwa utambi ukichafuka. Utambi ulioloweshwa kwa maji ya bomba hupata ukoko wa chumvi, ukakauka taratibu, ukasoma juu, ukakufanya uamini chumba kina unyevu kuliko kilivyo. Aliubadilisha mbele yangu, akaulowesha kwa maji yaliyokenekwa, bila kusema neno, kama mtu anayebadilisha utambi wa taa ya mafuta jioni.

Watu wamehangaika na jambo hili muda mrefu. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva, mwaka 1783, alichapisha kitabu juu ya kupima unyevu kwa unywele wa binadamu, kwa kuwa unywele hurefuka hewa ikilowa. Unywele na pamba ni ndugu wa tabia. Mwaka 1924 Urquhart na Williams, wa taasisi ya utafiti wa pamba iliyokuwa Didsbury, Manchester, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kitu kigumu zaidi: pamba ina kumbukumbu. Chukua mafungu mawili ya pamba ile ile, moja likauke kabisa, jingine lilowe, kisha yaweke yote kwenye hewa moja ya asilimia 65 hadi yatulie. Lililotoka kwenye maji litabaki na maji mengi kuliko lililotoka kwenye ukavu. Yamekaa chumba kimoja, yametulia yote, na hayalingani.

Kwa ajili hiyo kanuni inataka pamba iingie kwenye 65 ikitokea upande mkavu. Kwa maabara iliyoko Dar es Salaam hilo ni neno zito. Sampuli inaondoka Simiyu wakati wa kiangazi ikiwa imekauka vizuri, inasafiri na lori, inashushwa kwenye joto la pwani, na njiani inakunywa. Ikifika mlangoni imeshatoka upande usiotakiwa. Inabidi ikaushwe kwanza, kwa joto lisilozidi nyuzi 50 na hewa ya unyevu wa asilimia 10 hadi 25, ndipo iletwe kwenye trei ianze safari yake ya kupanda. Kwa bahati, hewa ya chumba chenyewe ikipashwa hadi 50 hushuka hadi asilimia 13 hivi, bila dawa wala ujanja.

Siku niliyoshinda pale, umeme ulikuwa umekatika usiku. Jenereta lilichelewa. Asubuhi tulipoingia, skrini ilisoma 21.0 na 65. Kijana mmoja, mwenye haraka ya kumaliza sampuli zilizokuwa zinasubiriwa, akafunua mashine.

"Mama, chumba kiko sawa."

Mama hakumjibu. Alikwenda kwenye chati, akafuata mstari wa unyevu kwa kidole hadi saa nane usiku, mahali mstari ulipopanda kama kilima, hadi saa kumi na moja uliporudi chini.

"Chumba kiko sawa," akasema. "Pamba bado."

Hewa ya chumba, ikisukumwa na mitambo, hurudi mahali pake ndani ya muda mfupi. Unyuzi ulioko katikati ya fungu hauna haraka hiyo. Na pamba iliyokunywa usiku, hata ikitema asubuhi, itakuwa imerudi kwa njia ya maji. Trei zote zikatolewa, zikapelekwa kwenye kabati la kukaushia, zikarudishwa, zikatandazwa upya kwa mkono, fungu likichambuliwa liwe jepesi. Kisha mizani. Kanuni ya ISO ni kupima uzito kila baada ya saa mbili; mabadiliko yasipozidi robo ya asilimia, pamba imetulia. Maabara nyingi hujipa saa 24 kamili ili zisibishane. Kijana alifunika mashine. Sikumwona akinuna, naye mama hakumsimanga. Alimpa kalamu akamwambia aandike kwenye daftari saa ya kukatika, saa ya kurudi, na namba za trei zilizoondolewa. Siku ile haikupimwa hata sampuli moja, na kwa maoni yangu ndiyo siku waliyofanya kazi kubwa zaidi.

Kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025, katika toleo la mwaka 2017, kimeweka mambo haya yote kwenye kifungu cha 6.3, kifupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi mbili. Mazingira yafae kazi na yasiharibu matokeo. Masharti yaandikwe. Yafuatiliwe, yadhibitiwe, yawekewe kumbukumbu. Anayeingia ajulikane. Kazi zisizopatana zitenganishwe. Mkaguzi wa ithibati, awe wa SADCAS ya Gaborone au wa KENAS ya Kenya, ataomba kuona chati na daftari. Hawezi kuomba kuona subira, ila aliye mzoefu huitambua: hukagua siku ambazo hakuna kilichopimwa, akatazama kama sababu imeandikwa.

Kuna mtihani mwingine mkali kuliko mkaguzi. Mpango wa kimataifa wa kusawazisha upimaji wa pamba kwa mashine, ambao uliifanya maabara ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam, kuwa kituo cha kanda kwa Afrika Mashariki na Kusini, na Ségou nchini Mali kwa Magharibi, una utaratibu wa kutuma pamba ile ile kwa maabara za dunia nzima. Matokeo hukusanywa Bremen, Ujerumani, kila maabara ikaonyeshwa ilivyo mbali na wenzake. Ujanja wa mtihani uko kwenye masharti yake: sampuli hupimwa katika siku tano tofauti. Siku moja mtu yeyote anaweza kubahatisha hewa nzuri. Siku tano zinakitoa chumba uchi, na mtawanyiko wa namba kati ya Jumatatu na Ijumaa unamweleza mtu aliyeketi Bremen kama kuna mlango unaoachwa wazi Dar es Salaam.

Magazeti yetu yakiandika juu ya maabara hupiga picha mashine, pamoja na aliyeizindua. Sijawahi kuona picha ya utambi.

Kwa hiyo msomaji, ukialikwa siku moja kuingia chumba cha namna hii, usiende na kundi. Acha mwavuli uliolowa nje. Funga mlango wa kwanza hadi usikie umebana, hesabu hadi kumi, ndipo ufungue wa pili. Ukikuta watu wamekaa na pamba imelala, usiwaulize kazi inaanza saa ngapi.